Ulimi umepona, kwa nini wanapima koo?

Nilitibiwa saratani ya ulimi. Kila nikienda kliniki wananichungulia koo na kuniuliza kama chakula kinakwama. Ulimi na umio wapi na wapi? (Msomaji, Mombasa)

Njia ni moja, kaka. Moshi wa sigara, pombe na maji ya tambuu yenye tumbaku havikuishia ulimini. Vilipita kooni, na moshi ukashuka hadi mapafuni. Mwaka 1953 mtafiti Slaughter na wenzake, Marekani, walipima nyama iliyozunguka saratani za mdomo wakakuta seli zilizoanza kuharibika hata pale palipoonekana pazima. Humo ndimo inamoweza kuzuka saratani nyingine, mpya kabisa, si ile ya kwanza iliyorudi. Tafiti nyingi zimekuta kila mwaka wagonjwa 2 hadi 4 hivi kati ya 100 huipata. Ugali ukianza kukwama hadi uusukume kwa maji, sauti ikikwaruza wiki 3 mfululizo, au ukikohoa damu, usingoje tarehe ya kliniki.

Nimeshaugua. Kuacha sigara sasa kutanisaidia nini?

Sana. Anayeendelea kuvuta hupata saratani ya pili zaidi ya aliyeacha, na mionzi haimfanyii kazi vizuri. Ugoro na kuberi vimo humo humo. Ile "sivuti, nabwia tu" nimeisikia hadi nimechoka. Hata popoo tupu, bila tumbaku, husababisha saratani.

Jirani anasema mionzi ndiyo inayoleta saratani ya pili. Niikatae?

Usiikatae. Yaweza kuileta, lakini ni nadra, na mara nyingi ni baada ya miaka mingi. Uliyo nayo haikusubiri.

Ninunue vidonge vya vitamini nijikinge?

Hela hiyo nunua mchicha na matunda. Huko Ufini wanaume wavutaji wapatao 29,000 waliingizwa kwenye utafiti wa vidonge, vikiwemo vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo yalipotoka 1994, waliomeza beta-karotini ndio waliopata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi.

Mume wangu hajawahi kuvuta. Saratani yake ya tonsili wamesema ni ya virusi vya HPV. Naye yumo?

Hatari yake ni ndogo kuliko ya wavutaji, ila kliniki asiache. Nawe mama, HPV huleta pia saratani ya mlango wa kizazi; kama hujapima, kapime. Kipimo hicho ni cha kila mwanamke, hata ambaye mumewe ni mzima.