Mwalimu wa wageni lazima awe wa Unguja?

Swali: Ndugu Mhariri, nimesomea ualimu wa Kiswahili na lugha yangu ya kwanza ni Kiiraqw. Chuo kimoja kinachofundisha wageni kimenikatalia, kinataka mzawa wa lugha, yaani aliyekua akiizungumza tangu utotoni, hasa wa Unguja. Nifanyeje? *Msomaji, Karatu*

Jibu: Sharti hilo halipimi ufundishaji, na linaumiza walimu wengi wazuri. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kweli ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Mombasa, 1928. Lakini kuzaliwa na lugha si kuijua kwa kuieleza. Mkutano wa ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere, Uganda, 1961 ulisema mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Mtaalamu wa lugha Robert Phillipson aliipinga hoja hiyo mwaka 1992, kwa kuwa ualimu hupatikana kwa mafunzo.

Usibishane kwa barua. Omba ufundishe somo la majaribio la dakika 20, juu ya upatanisho wa viumbe hai. Anza na "kiboko huyu amelala", wanafunzi washike kwamba kiumbe hai hufuata ngeli ya a-wa (huyu amelala, hawa wamelala). Kisha leta "rafiki yangu amefika". Hapa wageni husema "rafiki wangu", maana wamepewa nusu ya kanuni. Waonyeshe kuwa kwenye rafiki, jirani, baba na dada, kimilikishi huwa yangu au zangu huku kitenzi kikibaki a-wa. Mtoto, mke na mume hubaki na wangu. Mzawa asiyesomea ualimu husema hivyo bila kosa, ila akiulizwa sababu atajibu, "Ndivyo tunavyosema."

Matamshi chuo kina haki ya kuyadai. Jirekodi ukisoma kura na kula, mahari na mahali, dhamini na thamini, umpe mwenzako asikilize bila kuona maandishi na aandike alichosikia. Jozi anayoikosea ndiyo ya kufanyia mazoezi.

Swali: Tunaendesha darasa la wageni. Tangazo la kazi tuliandikeje? *Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Ondoeni "mzawa". Andikeni: amemudu Kiswahili sanifu cha kusema na kuandika, amefunzwa kufundisha lugha ya pili, atafundisha somo la majaribio. Mshahara ufuate sifa na uzoefu, si mahali alipozaliwa mtu. Kwa mazoezi ya kusikiliza, rekodini sauti za Unguja, Mombasa na bara, kwa sababu mgeni atakutana nazo zote.