Mkimbiaji na chuo cha Marekani: piga hesabu kabla ya kusaini

Kijana wa Iten au Kapsabet akipigiwa simu na kocha wa Marekani, kwanza huuliza jina la chuo. Aulize: ufadhili ni asilimia ngapi, na ni asilimia ya nini?

Katika riadha wengi hupewa ufadhili nusunusu. Tuseme gharama ya mwaka mzima, yaani karo, bweni, chakula, vitabu na bima ya afya, ni dola 42,000. Ukipewa asilimia 60, zinabaki dola 16,800 za kujilipia, zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya, na mwaka ujao hivyo hivyo. Chuo hakitatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi, F-1, mpaka uonyeshe zitatoka wapi. Usitegemee kibarua: muhula ukiendelea, kazi za chuoni hazizidi saa 20 kwa wiki. Na wanaponaswa wengi ni hapa: “asilimia 100” ikawa ya karo pekee, bweni na chakula juu yako.

Vyuo vya Divisheni III (daraja la tatu) ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, havitoi ufadhili wa michezo; wala Harvard na wenzake wa Ivy League, ligi ya vyuo vinane maarufu. Vyuo vya NAIA, chama kingine, hutoa, na vyuo vingi vya miaka miwili vilivyo chini ya chama cha NJCAA pia. Divisheni I ya NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani wa 2.3 kati ya 4.0, Divisheni II, 2.2. Cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, peke yake hakitoshi, kwa hiyo tunza ripoti zako tangu kidato cha kwanza. Kama umewahi kupokea pesa za mbio za barabarani, mwambie kocha sasa. Zikigunduliwa baadaye unaweza kuzuiwa kukimbia.

Kocha naye mchunguze. Matokeo ya vyuo yako wazi kwenye tovuti ya TFRRS. Tafuta mkimbiaji aliyeingia na muda kama wako, uone mwaka wa pili na wa tatu alikimbiaje. Hesabu pia mbio zake: nyika, ukumbini, kisha uwanjani, misimu mitatu ndani ya mwaka mmoja. Mshindi wa mbio za uwanjani kwenye mashindano ya ligi ya vyuo huletea timu pointi 10, hivyo kocha mwenye njaa ya pointi atakupanga mita 10,000 na 5,000 wikendi moja, kila mwaka. Ukiona wakimbiaji wake wanafifia mwaka wa tatu, umeshajua sababu.

Mwisho, ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Ukiumia goti? Kocha akihama? Majibu yawe kwenye barua ya chuo yenyewe. Ujumbe wa WhatsApp wa kocha haumfungi mtu.