Mtoto hatuchoshi kama wanaotafuta mkosaji

Mmeuliza wiki hii: "Mzazi mwenye mtoto wa usonji anabeba nini moyoni ambacho majirani hawakioni?" Mimi ni baba, naishi Lubumbashi, Kongo (DRC), komini ya Katuba. Kijana wetu mwenye usonji (autism) ana miaka 9, na maneno anayosema ni machache sana. Yeye hatuchoshi. Tunachoshwa na watu wanaomtafuta aliyemfanya awe hivyo.

Hapa kwetu ugonjwa hauji bure, lazima kuwe na mtu nyuma yake. Kijana alipoacha yale maneno aliyokuwa ameanza kuyatamka, ndugu zangu walimgeukia mke wangu: ukoo wake una nini? Ndugu zake nao wakauliza kama sikumtoa mtoto kafara kwa ajili ya pesa. Kisha mchungaji wa kanisa moja la uamsho akasema mulozi, yaani mchawi, ni mtoto mwenyewe, alale kanisani na afungishwe chakula. Mtoto huyu, ambaye hata kudanganya hajui! Mama yake alimbeba akatoka naye katikati ya maombi, na dada zake waliompeleka pale hawasemi naye hadi leo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya 2009 inakataza vilevile. Naitaja kwa sababu mzazi anayeijua anapata nguvu ya kusema hapana mbele ya wazee.

Wala tusidhani ni sisi Waafrika tu. Daktari Leo Kanner, alipoieleza hali hii kule Marekani mwaka 1943 akiwa amechunguza watoto 11, aliandika pia kwamba wazazi wao hawakuwa na uchangamfu. Miaka mingi baadaye madaktari walikuwa bado wanawalaumu akina mama kwamba wamewaharibu watoto kwa kukosa upendo. Aliyesimama kupinga alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia, naye baba wa kijana mwenye usonji; kitabu chake cha 1964 kilionyesha kwamba chanzo kiko mwilini. Leo wataalamu wanajua kuwa ni ubongo unaokua kwa namna yake, kwamba urithi una nafasi kubwa, na kwamba chanjo haihusiki. Nilimsomea mke wangu habari hiyo usiku, akaniomba nirudie.

Kuna huzuni nyingine tusiyoweza kuisema. Mtu akifa hapa, watu wanajaa kwenye kilio, wanakesha nawe, wanachanga. Sisi tulimzika mtoto tuliyemwota bila kilio, huku huyu wa kweli anarukaruka mbele yetu, mzima, anataka bukari, yaani ugali.

Na bukari ni habari ndefu. Anakula ya unga wa mahindi mtupu. Unga ukipanda bei, nyumba nyingi huchanganya na wa muhogo, kwetu haiwezekani. Anaitambua kwa vidole kabla haijafika mdomoni, anasukuma sahani na kujigonga kichwa ukutani. Basi mama yake anasonga mara mbili, ya kwake na ya kwetu. Wageni wanasema tunamdekeza. Laiti wangekaa hadi mwisho! Akiipata ile yake anapiga mikono, anainua macho na kumtazama mama yake usoni, yeye ambaye hamtazami mtu. Raha ile nayo majirani hawaioni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Lubumbashi ina watu zaidi ya milioni 2. Hao wengine wako wapi? Naamini wengi wamefungiwa ndani, maana mzazi akitoka naye tu anaulizwa: "Huyu mutoto eko na nini? Mulimufanya nini?"

Usiku tunaongea juu ya atakayemsongea bukari sisi tukiondoka. Dada yake mkubwa ameshasema ni yeye. Tumemwambia asome kwanza. Hofu yangu ni siku wakwe watakapokuja na kuanza kunong'ona kuhusu damu ya nyumba hii, lawama iliyomlemea mama imwangukie binti. Tumekubaliana, mimi na mama yake, kwamba siku hiyo kijana hatapelekwa kwa jirani. Atakaa sebuleni na sisi, na mimi ndiye nitakayewaeleza usonji ni nini, kabla hawajauliza.