Swichi nyekundu ya pikipiki ni ya kazi gani?

SWALI: Habari fundi, mi naendesha boda hapa Kiboriloni, Moshi. Kijiweni wanasema nisiguse ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia eti inaua injini, ni kweli? Na ni ya nini hasa?

JIBU: Salama kaka. Hao wanakutisha bure, hiyo swichi inakata moto wa plagi tu, injini inazima basi, haiharibu kitu. Imewekwa karibu na eksileta makusudi, ili kidole gumba kiifikie bila kuachia usukani. Sasa chukulia unashuka toka Old Moshi na abiria nyuma, waya wa eksileta unagoma kurudi, pikipiki inazidi kuvuma, usianze kutafuta funguo huko chini! Kamata klachi, bonyeza swichi, huku unashika breki zote mbili taratibu mpaka usimame pembeni. Pia ukianguka injini bado inanguruma na tairi la nyuma linazunguka, zima hapo hapo kwanza kabla hujamsaidia mtu, maana mafuta yanaweza kuwa yanamwagika.

Ila ukishazima kwa swichi zungusha na funguo, la sivyo taa zinabaki zinakula betri. Na pikipiki ikigoma kuwaka, angalia swichi kwanza, watoto huwa wanaichezea ikipaki, la sivyo utapiga kiki mpaka mguu ukuume. Asubuhi kabla hujatoka ijaribu mara moja, kama haizimi injini mwone fundi siku hiyo hiyo.