Shaba iliyopanda ndege: wasomaji wauliza kuhusu Zambian Air Cargoes

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu aliondoka hapa Mikindani akiwa kijana kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaishia kuwa kuli. Alikuwa akitusimulia kwamba miaka michache baada ya Uhuru zilikuwapo ndege zenye tumbo kubwa zilizotua Dar zikiwa zimejaa shaba ya Zambia, kisha zikarudi kwao na mafuta. Wanangu wanasema mzee alitia chumvi, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayesafirisha madini mazito kwa ndege. Naomba kujua kama habari hii ni ya kweli, shirika lenyewe lilikuwa lipi na liliishia wapi.
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mzee hakutia chumvi. Shirika alilolikumbuka ni Zambian Air Cargoes, lililoanzishwa mwaka 1966 likiwa na makao yake Ndola, katika ukanda wa migodi ya shaba. Ndege zake zilikuwa Lockheed L-100, yaani ile Hercules ya kijeshi iliyotengenezwa upya kwa matumizi ya kiraia, na idadi yake ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wanao wana haki ya kushangaa, maana katika hali ya kawaida biashara hiyo isingefanyika. Hali haikuwa ya kawaida. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 bila ya kuwa na pwani, na karibu kila ilichouza au kununua nje kilipita kwenye reli ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, hadi bandari za Msumbiji, iliyokuwa bado chini ya Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Salisbury, ambayo sasa ni Harare. Uingereza ilipoweka vikwazo vya mafuta dhidi yao mwezi uliofuata, Rhodesia nayo ilikata mafuta yaliyokuwa yakienda Zambia, na nchi yenye migodi mikubwa ikajikuta inagawa petroli kwa vibali. Barabara ya kutoka Tunduma hadi pwani ilikuwa ya udongo, yenye vumbi kiangazi na utelezi masika, na madereva wa malori waliita safari hiyo ya jehanamu. Reli ya kuunganisha Dar es Salaam na Zambia ilikuwa bado maneno ya mezani. Kilichobaki ni anga.

Sasa tuje kwenye tumbo la ndege hiyo, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la wanao. Hercules ina mabawa yaliyokaa juu ya kiwiliwili na injini nne za pangaboi, na sakafu yake iko chini kiasi cha kulingana na bodi ya lori. Mlango wake wa nyuma hushuka ukawa mteremko, hivyo mzigo huingizwa moja kwa moja bila winchi. Chumba cha mizigo kina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 3, na ndege hubeba takriban tani 20. Shaba ni nzito mno kwa ukubwa wake: tani 20 za shaba zikitandazwa kwenye sakafu hiyo yote hazifikii unene wa sentimeta 7. Sisi wa kusini tunaweza kuipima kwa korosho, kwani tani 20 za korosho ghafi ni magunia 250 ya kilo 80, ambayo kwenye sakafu ileile yangefika kiunoni mwa mtu mzima. Kwa hiyo ndege iliyobeba shaba ilionekana kama tupu, ilhali uzito wake ulikuwa umekwisha kutimia.

Kilichoipa safari hiyo maana ni kwamba ndege haikuruka tupu upande wowote. Ilishuka Dar es Salaam na shaba, ikapanda Ndola na mafuta. Bei ya shaba katika soko la dunia ilikuwa imepanda sana mwaka 1966, jambo lililosaidia kulipia nauli. Hata hivyo hesabu yake haipendezi. Kutoka Ndola hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, na ndege ya aina hiyo huchoma takriban tani 2 za mafuta kwa saa. Maana yake ni kwamba ili kupeleka Zambia tani 20 za mafuta, ziliteketezwa karibu tani 10 njiani kwenda na kurudi.

Halafu kuna kiasi chenyewe. Zambia ilikuwa ikitoa karibu tani 700,000 za shaba kwa mwaka, na kuisafirisha yote kwa ndege kungehitaji safari zaidi ya 90 kila siku. Shirika hili lilichukua sehemu ndogo tu. Nyingine ilikwenda kwa malori, nyingine kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola, na nyingi, tupende tusipende, iliendelea kupita kwa Smith mpaka mpaka ulipofungwa mwaka 1973. Baadhi ya waandishi hulisimulia shirika hili kama mkombozi wa Zambia. Mimi naliona kama lilinunua muda, kwa bei ghali.

Muda huo ulitumika vizuri. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kupeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mzigo wa kurudi nao ndege ukatoweka. Aprili mwaka huohuo ndege mbili za shirika ziligongana zikiwa ardhini uwanjani Ndola na kuharibika zote, pigo kubwa kwa shirika lenye ndege chache kiasi hicho. Kufikia mwaka 1969 lilikuwa limefungwa. Wenyeji wa Mtwara wataikumbuka reli yetu ya kwenda Nachingwea, iliyong'olewa mwaka 1962 kwa kukosa mzigo; Zambian Air Cargoes lilikuwa na mzigo tele, lakini lilikosa nauli ambayo mzigo huo ungeweza kuivumilia.

SWALI: Mhariri, niliwahi kusikia kwamba ndege hizo zilikuwa za jeshi la Kanada. Na baada ya shirika kufa, kwa nini hazikubakishwa kubeba mizigo mingine?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Hizo ni habari mbili zilizochanganywa. Jeshi la anga la Kanada lilipeleka mafuta Zambia kwa Hercules kuanzia Desemba 1965, lakini kwa kutokea Kinshasa, wakati Waingereza walitumia ndege zao za Britannia, mapipa yakiwa yamepangwa ndani. Huo ulikuwa msaada wa dharura wa miezi michache, na shirika la Zambia lilikuja baadaye. Ama kuhusu kubakishwa, hapakuwa na mzigo mwingine wa kulipia tani 20 kwa safari, na wanunuzi hawakuwa shida: mwaka 1968 mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay, Alaska, mahali pasipo na barabara, na ndege za aina hiyo zikaanza kutafutwa kwa udi na uvumba.