Jibu: Kuku niliowafungia wananyonyoana manyoya, niwape nini cha kuwashughulisha?

Dada mleta uzi, habari za leo. Kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: dada yuko Goba, ana majike kumi na mawili chotara na jogoo mmoja. Walikuwa wakizurura, jirani akalalamikia mchicha wake, ikabidi awafungie kwenye uwanja wa wavu wenye sakafu ya saruji. Sasa wananyonyoana mgongoni na mkiani, mmoja anatoka damu, wengine wameanza kula mayai. Wachangiaji wa juu wamempa dawa mbili: akate midomo, au atie chumvi kwenye maji. Mimi sikubaliani na zote mbili, nitafika huko.

Nafuga Chanika, chotara na kienyeji wamechanganyika, na wangu hawatoki nje mwaka mzima. Kwetu mwewe na nguchiro hawaruhusu mchezo. Kwa hiyo hili la kuku kuchoshwa na kifungo nalijua.

Tatizo lako linaanzia chini, kwenye hiyo saruji. Kuku aliyeachiwa huwa kazini tangu anaposhuka asubuhi: anarusha takataka nyuma kwa miguu, anarudi hatua moja, anainamisha kichwa, anadonoa, anasogea. Kuna utafiti uliochapishwa 1989 uliofuatilia majike ya kuku-mwitu wa Asia, hao ambao kuku wetu wametokana nao. Ingawa walikuwa wakilishwa vizuri, walionekana wakidonoa ardhi katika asilimia 60 hivi ya dakika zote za muda wao wa shughuli. Yaani hata akishiba, ataendelea kutafuta. Sasa wewe umempa chombo kilichojaa na sakafu inayofagiliwa. Anamaliza kula mapema, halafu mdomo unabaki hauna pa kwenda, unahamia kwenye manyoya ya mwenzake.

Kwa hiyo kabla hujafikiria vitu vya kuchezea, mwaga matandazo. Maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala yanafaa, ila uliza kama mbao zilipakwa dawa ya wadudu, zikiwa nazo achana nazo. Maganda ya mpunga nayo mazuri. Mimi naongezea majani makavu ya mwembe kwa sababu yana ukubwa wa kumficha mdudu chini yake, na kuku anapenda sana kitu cha kupindua. Kina cha sentimita 10 hadi 15. Chini ya hapo wanafika kwenye saruji kwa kucha mbili tatu na hamu inaisha. Yawe makavu muda wote. Yakilowa geuza au toa sehemu hiyo, kwa sababu unyevu ndiyo kokidiosisi yenyewe, kile kinyesi cha damu. Matandazo yaliyotumika kwenye banda la mtu mwingine usiyapokee hata akikupa bure, na chanjo ya kideri kila miezi mitatu iendelee palepale.

Matandazo yakishakaa, chukua sehemu ya kumi ya mlo wao wa siku uimwage humo badala ya chomboni. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa kundi lako hiyo sehemu ya kumi ni kama kikombe kimoja cha chai cha chenga za mchele au mtama. Rusha ienee, usimwage lundo, maana lundo atalikalia jike mbabe peke yake. Nafanya hivyo mara mbili: saa nne asubuhi wengi wakishataga, na saa tisa alasiri. Hiyo ya alasiri usiiruke, bandani kwangu ndio muda wa ugomvi. Chakula chao kingine kibaki chomboni kama kawaida. Na chenga zenye harufu ya uvundo usinunue hata kwa bei ya kutupa, sumukuvu haina huruma na kuku.

Majani: wengi wanatupa fungu la matembele chini, linakanyagwa, linachafuka, basi. Lining'inize. Funga mchicha, matembele, mlonge au majani ya mpapai kwa waya wa kufungia nondo, ncha zake uzikunje ndani na vipande ulivyokata uviokote vyote, kisha tundika juu kidogo ya usawa wa vichwa vyao. Fungu linayumba, wa kwanza anadonoa, linamkimbia, wa pili analidaka upande wa pili. Fungu ambalo chini lingeisha dakika tano linawachukua nusu saa. Usitumie uzi wala kamba ya kiroba, wanameza nyuzi na gole, ule mfuko wa chakula shingoni, linaziba. Nyasi ndefu ngumu vilevile zikatekate. Kisamvu kibichi hapana. Ukiokota mabaki ya sokoni palipo na wauza kuku, yaoshe kwanza.

Ila kama kuna kitu kimoja kinachobadilisha banda zima, ni mchwa. Wazee wanajua hii. Tafuta chungu kikuukuu au ndoo iliyopasuka, jaza mabua makavu, vipande vya boksi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nyunyizia maji kiasi cha kulowa tu. Nenda kwenye kichuguu au kwenye njia yao, chimbua kidogo mpaka uwaone, kisha pindua chungu mdomo ukae juu ya tundu. Funika kwa gunia na udongo pembeni mwanga usiingie. Fanya jioni, uje kukitoa alfajiri kabla jua halijachoma, ukichelewa wanarudi chini. Ukikikung'uta juu ya matandazo utaona mchwa wanazama kwenye maranda na kuku wanawafuata, wanaendelea kuchakura hata baada ya mchwa wa mwisho kuliwa. Na ni protini ya bure. Hakikisha tu kichuguu hicho hakijapigwa dawa, mjini watu wanapulizia mchwa ovyo. Kwa Goba najua vichuguu vimepungua kwa nyumba, lakini viwanja visivyojengwa bado vipo, omba ruhusa kwa mwenye kiwanja.

Jambo la pili kwa uzito ni bafu la vumbi. Kuku haogi kwa maji, anaoga vumbi, kwa kawaida kila baada ya siku mbili hivi, saa za mchana jua likiwa kali. Kwenye saruji utamwona anajifanya anaoga kando ya chombo cha chakula, anatingisha mbawa bila kitu chochote chini yake. Ukimwona hivyo, ujue anakosa. Chukua tairi kuukuu la lori au tengeneza boksi la mbao, weka mchanga mkavu, udongo wa kawaida uliochekechwa na jivu la kuni. Jivu la jiko lililochomwa plastiki usiweke. Liezekewe mvua isiingie, na liwe kubwa la kutosha watatu kwa pamoja, kwa sababu mmoja akianza wengine wanakuja. Atalala ubavu, atachota vumbi kwa bawa mpaka lipenye kwenye ngozi, atasugua kichwa, atatulia jicho moja likiwa limefumba, kisha atasimama na kujikung'uta wingu zima usoni kwako. Hapo utitiri na chawa wanapungua na muda umesogea.

Fito za kutulia ziwe za urefu tofauti, kila kuku apate angalau sentimita 20 usiku. Egemeza bati au mlango mbovu ukutani ili mnyonge apate pa kujificha machoni pa mbabe. Weka vyombo viwili vya chakula pembe tofauti. Vioo na zile CD za kuning'iniza sijaona kazi yake zaidi ya kumtisha mwewe, na jogoo anaweza kupigana na kioo asubuhi nzima. Redio nawawekea, lakini nadhani anayeburudika ni mimi.

Sasa tuje kwenye yale ambayo shughuli haitatibu. Angalia manyoya yenyewe. Kama yamevunjika katikati, yako mgongoni na nyuma ya kichwa, huyo ni jogoo wako na jike wake mpendwa, si kudonoana. Kama yameng'olewa kwenye shina la mkia, ngozi wazi, hapo ndipo wenzake wanahusika. Usiku ingia na tochi, pitisha kidole chini ya fito: kikitoka na vidoa vyekundu ni utitiri, na kuku mwenye utitiri hatulii hata umletee sherehe. Chakula nacho: pumba tupu haina protini ya kutosha, kuku wa mayai anataka asilimia 16 hadi 18 na chokaa ya kutosha. Wanaokula mayai mara nyingi wana upungufu huo, au viota viko kwenye mwanga mkali na mayai yanakaa mpaka jioni. Kiota kimoja kwa majike manne au matano, kiwe na kiza, okota mayai mara kwa mara.

Chumvi kwenye maji acha. Chakula cha dukani kimeshatiwa chumvi, na kuku akizidishiwa anaweza kufa. Kukata midomo kwa kuku kumi na wawili ni kumtesa mnyama kwa kosa la sakafu. Mdomo una mishipa ya fahamu, na ukishaukata hawezi tena kuokota chenga vizuri, kazi tunayotaka aifanye.

Ukubwa wa uwanja hukutaja. Mimi sizidishi kuku wanne kwa mita moja ya mraba, banda na uwanja pamoja, na wakiwa wawili ni bora zaidi. Kama wako wamebanana, uza watatu kabla ya kununua chochote.

Huyo anayetoka damu mtenge leo leo, usisubiri kesho, wakishaona wekundu hawaachi. Msafishe, mpake dawa ya GV kidonda kigeuke zambarau, akae mahali wanapomsikia wenzake. Siku ya kumrudisha mrudishe usiku pamoja na jike mwingine mpole. Ukiweka picha, piga na upande wa viota, maelezo yako ya hapo sijayaelewa.