Panya wamejaa darini: kabla hujanunua sumu

Ndugu uliyeuliza sumu ipi kali kwa panya waliojaa kwenye dari ya nyumba uliyopanga Tandale, na una watoto wadogo, nakuomba usianze na sumu. Nimekaa nyumba za uswahilini hapa Dar miaka mingi na nimemuuguza mdogo wangu homa ya panya, ile inayoitwa pia homa ya mgunda, hivyo hili linanigusa.

Panya akila sumu anaenda kufia darini usikofika. Viroboto wake wanamhama akishapoa, wanatafuta damu nyingine. Na zile pakiti za kutembeza mtaani, mtoto akiokota moja ni msiba.

Kinachotuumiza zaidi mijini ni mkojo wake. Panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda kwenye figo bila yeye kuugua, akavimwaga kila anapokojoa. Kwenye maji na udongo mbichi vinaishi wiki kadhaa, vikauingia mwili kwa mchubuko, macho au mdomo. Jua na ukavu huviua. Ndiyo maana masika, Mto Msimbazi ukifurika, hatari inapanda.

Mdogo wangu alizoa tope ndani baada ya mafuriko, mguuni ana kidonda. Baadaye ikaja homa kali, kichwa, macho mekundu, misuli ya miguu haigusiki. Zahanati ya kwanza walipima malaria, hakuna, wakampa dawa za taifodi. Macho yalipogeuka manjano tukakimbilia hospitali, na daktari wa huko akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: umekanyaga maji machafu? Antibayotiki za kawaida zinautibu ugonjwa huu, ila ziwahi kabla figo na ini havijaharibika. Kwa hiyo usisubiri kuulizwa. Mwambie daktari nyumbani kuna panya na ulipita kwenye maji. Tusidhani ni ugonjwa wa mbali: Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha mgunda Ruangwa, Lindi, na watu 3 walifariki.

Sasa nyumba. Wapangaji wote mkubaliane, maana ukiziba chumba chako peke yako panya anahamia kwa jirani na kurudi. Unga, mchele na dagaa viwekwe kwenye ndoo zenye mfuniko, vyombo visilale na mabaki, taka zisikae uani usiku. Madumu na mapipa ya maji yafunikwe daima. Halafu matundu: kipanya kinapenya tundu linaloingia kalamu. Shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria, kisha sementi juu, kuanzia bomba linapopita ukutani na ukingo wa paa. Mfuniko wa chemba uliovunjika ubadilishwe. Mkishaziba ndipo mtege mitego ya kubana kando ya ukuta, si katikati ya chumba.

Kinyesi chake usikifagie kikavu, vumbi lake si la kuvuta. Fungua madirisha, vaa glavu, mwagia Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 9, subiri dakika 5, futa kwa tambara na ulitupe. Panya aliyekufa mlowanishe hivyohivyo, mfunge kwenye mifuko miwili. Tope la mafuriko lisizolewe bila gambuti, na mwenye kidonda asiliguse kabisa.

Niambie dari yenu ni ya mbao au jipsamu, na kama kuna mti unaogusa paa, nikuelekeze pa kuanza kuziba.